Binti wa kaka yangu anataka kusoma Minneapolis bila kutoka Muscat

Simu ililia Ijumaa, nimetoka msikitini hapa Saint Paul nakung'uta theluji kwenye viatu. Namba ya Oman. Kwao Muscat ilikuwa saa sita za usiku, na simu ya saa hiyo mtu wa umri wangu huipokea roho mkononi. Kumbe si msiba. Ni binti wa kaka yangu, anataka kusoma.

"Ami," akaniambia, "wewe si uko hukohuko Minneapolis? Nenda basi ukanitazamie chuo changu."

Chuo chenyewe hakimtaki atoke kwake. Kiko kwenye kompyuta. Anataka shahada ya udaktari katika uendeshaji wa biashara, asome usiku watoto wakishalala, kwa sababu mchana yuko ofisini na mumewe kazi yake iko Duqm, wiki mbili huko, wiki moja nyumbani. Mama wa namna hiyo ukimwambia aende akakae Marekani miaka minne umemwambia asisome. Hilo nalielewa. Lililoninyima usingizi ni alilolisema mwisho, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya: baba yake ameshakubali kukiuza kiwanja cha Barka ili ilipwe ada ya mwaka wa kwanza na wa pili.

"Na mwaka wa tatu?" nikamuuliza.

"Mshauri wao ameniambia wengi wanamaliza mapema, Ami."

Nikamwomba wiki mbili. Ningeweza kumjibu kwa WhatsApp tu, lakini najua kwa yakini hayuko peke yake. Katika kila ukoo wetu huko Ghuba yupo mmoja anayetumiwa ujumbe kila siku na "mshauri" wa chuo cha Marekani au Uingereza, na yupo baba au kaka anayetafuta cha kuuza. Kwa hiyo namjibu hapa, mbele ya watu.

Wengi hawajui kwamba miji hii miwili ninayokaa, Minneapolis na Saint Paul, ni kama gati la biashara hii. Vyuo vikubwa viwili vya mtandaoni vilivyo vya watu binafsi, Walden na Capella, makao yake ni Minneapolis. Nilipanda treni ya mjini, ule mstari wa kijani uliofunguliwa mwaka 2014 kuiunganisha miji miwili, nikashuka katikati ya mji na kuingia kwenye yale madaraja ya vioo wanayoyatumia ili watu wasife kwa baridi wakitoka jengo moja kwenda jingine. Niliyoyaona ni majengo ya ofisi. Lipo ghorofa refu kabisa lenye jina la Capella. Chini kuna walinzi na watu wenye vitambulisho shingoni wakinywa kahawa. Hakuna darasa wala maktaba, wala vijana waliolala kwenye majani na vitabu usoni. Nilisimama pale dakika kumi kama mtu aliyekwenda kumtazama mchumba akaonyeshwa picha.

Hiyo peke yake si hoja. Chuo cha mtandaoni kitawekea nini darasa? Nimelisema kwa sababu binti yetu ana picha kichwani ya nyumba ya elimu, na wanaomuuzia hawana haraka ya kumtoa picha hiyo.

Chuo alichokichagua yeye sitakitaja, maana sina ushahidi wa ubaya wake. Nitavieleza hivi viwili kwa sababu habari zao ziko wazi kwa kila mtu. Walden kilianzishwa mwaka 1970 na mume na mke waliokuwa walimu, Bernie na Rita Turner, kwa nia nzuri kabisa: watu wazima wenye kazi zao nao wapate kusoma hadi juu. Jina wamelitoa kwenye kitabu cha Henry David Thoreau cha mwaka 1854, habari za mtu aliyekwenda kukaa kando ya ziwa ili aishi kwa kidogo. Mwaka 2021 kampuni ya Adtalem ilikinunua chuo hicho kwa dola bilioni 1.48, kwa hiyo hicho kidogo kimekua. Capella kilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa jina jingine, kikachukua jina hili mwaka 1999. Mwanzilishi wake, Stephen Shank, aliwahi kuwa mkuu wa Tonka, kampuni ya magari ya watoto ya kuchezea. Capella ni jina la nyota. Wazee wetu wa majahazi walikuwa wakiijua nyota hiyo kwa jina la Ayuki, na dira ya nyota ya manahodha wa Bahari ya Hindi ilikuwa na pande zilizoitwa kwa jina lake. Basi nilitabasamu kidogo pale chini ya ghorofa.

Vyuo vyote viwili vina ithibati halali ya Marekani. Lazima niliseme hili ili nisieleweke vibaya, maana kuna watu huko kwetu wakisikia "mtandaoni" wanadhani ni vile vyeti vya bandia. Hivyo ni balaa nyingine. Mwaka 2015 ilifichuliwa kampuni ya Axact ya Karachi iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwepo duniani, na Ghuba ilikuwa na wateja wake wengi. Ninayoyazungumza mimi ni magumu zaidi kuyaona, kwa sababu chuo ni cha kweli, walimu ni wa kweli, na shahada ukiipata ni ya kweli. Mwiba uko kwenye hilo neno "ukiipata".

Wala mimi si adui wa kusoma kwa mbali. Mimi mwenyewe ni mtoto wa posta. Nilikuwa mwalimu kijana kwenye shule ya sekondari ya misheni huko Pwani ya Kenya, Mwislamu peke yake katika chumba cha walimu pamoja na mapadre (waliokuwa wakinifichia chai yangu mwezi wa Ramadhani mpaka magharibi, Mungu awalipe), na shahada yangu niliisoma kwa bahasha za khaki. Bahasha inakuja na somo, unaandika majibu kwa taa ya chemli, unarudisha, unangoja wiki tano. Zikirudi karatasi zimejaa wino mwekundu. Bado nayakumbuka maneno ya msahihishaji wangu wa hesabu: "Umekimbia. Rudi hatua ya tatu." Tulikutana mara moja tu, kwenye kikao cha likizo. Nilipotaja jina langu akasema, "Aa, wewe ndiye unayeandika saba kama moja." Alikuwa hajawahi kuniona, lakini mwandiko wangu anaujua.

Na njia hiyo imewabeba watu wengi. Afrika Kusini chuo cha UNISA kinafundisha kwa mbali tangu mwaka 1946. Uingereza walianzisha Open University mwaka 1969. Tanzania ilipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na Kenya imekipa Chuo Kikuu Huria chake hati mwaka 2023. Huko huko Ghuba mnacho Chuo Kikuu Huria cha Kiarabu tangu mwaka 2002, na tawi la Oman tangu 2008. Hivyo vilijengwa na serikali na watu waliotaka walionyimwa nafasi waipate.

Tofauti inaanza pale chuo kinapokuwa na wenye hisa. Mwaka 2012 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani, chini ya Seneta Tom Harkin, ilitoa ripoti juu ya kampuni 30 zenye vyuo vya faida. Katika hesabu za mwaka 2009 walikuta asilimia 22.7 ya mapato inakwenda kwenye matangazo na kutafuta wanafunzi, asilimia 19.4 ni faida, na asilimia 17.2 ndiyo inayokwenda kufundisha. Hesabu za zamani hizo, nakubali, na si kila kampuni iko sawa. Lakini mimi nimefundisha hesabu miaka mingi na naomba mzazi azitazame vizuri: kilichotumika kumtafuta mwanafunzi ni kikubwa kuliko kilichotumika kumfundisha. Sasa yule "mshauri" anayempigia binti yetu saa nne za usiku, akimwita kwa jina, akiuliza habari za watoto, mshahara wake umo katika fungu gani kati ya hayo?

Tuje kwenye kesi. Januari 2022 wanafunzi wa Walden walifungua shauri katika mahakama ya shirikisho huko Maryland. Walikuwa wanasoma shahada ileile anayoitaka binti yetu, udaktari wa uendeshaji wa biashara. Walidai chuo kilificha gharama na muda halisi wa ule mradi wa mwisho, tasnifu, na kwamba kiliwalenga kwa makusudi wanawake na watu weusi kwenye matangazo yake. Shauri liliishia kwa mapatano mwaka 2024: dola milioni 28.5 kwa wanafunzi, na chuo kikaahidi mabadiliko. Chuo hakikukiri kosa, na mapatano si hukumu, hilo nalo liandikwe. Hata hivyo fikirini jinsi mambo yenyewe yanavyokwenda, katika chuo chochote kile. Masomo ya darasani yana mwisho, kumi na mawili au kumi na matano, unayahesabu. Tasnifu haina mwisho unaojulikana. Unaandika sura, unaipeleka, unangoja. Msimamizi anairudisha na maneno mawili. Muhula umepita, ada ya muhula mpya imeingia. Kwenye chuo kinachoishi kwa ada ya mwanafunzi, kuchelewa kwako hakumwumizi mtu isipokuwa wewe.

Kabla ya hapo palikuwa na kesi nyingine hapahapa. Minnesota School of Business ilikuwa shule ya tangu 1877, na mwenzake Globe University nayo ya karne hiyohiyo. Mwaka 2016 jaji wa wilaya ya Hennepin alikuta kwamba waliwadanganya wanafunzi wa programu yao ya haki jinai: waliwaacha waamini watakuwa polisi au maofisa wa kuangalia waliohukumiwa kifungo cha nje, na shahada yenyewe haiwafikishi kwenye kazi hizo katika jimbo hili. Baadaye serikali kuu ikawakatia fedha za mikopo na milango ikafungwa. Miaka mia na zaidi kwenye kibao cha mlangoni haikumsaidia mwanafunzi hata mmoja. Huko kwetu tunapenda sana kuuliza "chuo hiki cha zamani?" kama tunanunua mkeka.

Sasa niseme la nyumbani kwangu, na mwenyewe amenipa ruhusa.

Binti yangu ninayekaa kwake ni muuguzi. Alipofika hapa alikuwa na stashahada. Shahada ya kwanza aliisoma mtandaoni kwenye chuo cha serikali, akifanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, na aliimaliza kwa mwaka mmoja na nusu. Mshahara ulipanda, tulichinja. Kwa kazi kama yake, mtu ambaye tayari ana ufundi mkononi na anataka karatasi ya juu yake, masomo ya mtandaoni ni rehema, na wauguzi wa Kikenya na Kisomali waliojaa miji hii watawaambia vivyo hivyo. Kisha akaja na habari ya udaktari. Safari hii ni chuo cha faida, sitakitaja. Aliyemwambia "soma mwanangu, elimu haina hasara" ni mimi, mwalimu mstaafu, kwenye meza hii ninayoandikia.

Miaka sita. Wasimamizi watatu, kila mmoja akitaka mada ibadilishwe kidogo. Mara ya mwisho sura aliyokuwa amekubaliwa na wa pili ilikataliwa na wa tatu, na hakuna aliyemweleza kwa nini yule wa pili aliondoka. Ameacha. Hana shahada, ana deni linalokatwa kila mwezi, na ana sanduku la karatasi chini ya kitanda ambalo hataki nilitaje mbele ya wageni. Nilimuuliza juzi, katika miaka sita hiyo kuna mtu hata mmoja wa chuo aliyejua anaishi wapi, anafanya kazi gani, ana mtoto mgonjwa? Akafikiri. "Mtu wa malipo," akasema.

Kuna na jambo ambalo watu wetu hawalisemi kwa sauti. Mwaka jana nilizungumza kwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Nairobi, kijana mwenye akili nyingi, niliyempa zawadi ya hesabu mara mbili. Kazi yake kwa miaka kadhaa imekuwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Kenya hii ni kazi ya vijana wengi waliosoma wakakosa ajira, imeandikwa kwenye magazeti ya dunia na kutengenezewa filamu, na England wamepitisha sheria mwaka 2022 kuzipiga marufuku huduma hizo. Aliniambia amesoma uuguzi mara tano na biashara mara hazihesabiki, na jina lake haliko kwenye cheti chochote. Wateja wake wengi walikuwa watu wazima wa vyuo vya mtandaoni. Sikuwa na la kumwambia. Nilimlaumu kidogo, maana ni wajibu wangu, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akaniuliza kama najua mahali pa kazi.

Siku hizi hata hao wanalia, kwani akili mnemba imewanyang'anya wateja. Chuo Kikuu cha Minnesota hapa kilimfukuza mwanafunzi wa udaktari baada ya mtihani wa Agosti 2024 alioufanya akiwa mbali, walimu wakisema majibu yameandikwa na mashine. Yeye amekana, na mwanzoni mwa 2025 akaenda mahakamani. Sijui mkweli ni nani na si kazi yangu kuamua. Kinachonishughulisha ni kwamba chuo kikubwa kama kile, chenye walimu na majengo na miaka zaidi ya mia na sabini, kinafika mahali pa kubishana na mwanafunzi wake juu ya nani aliyeandika. Ikiwa wao wanabishana, yule anayesahihisha karatasi mia za watu asiowajua atajuaje? Na mwajiri wa Muscat au Dubai, akiletewa shahada hiyo, ataiamini kwa kipimo gani? Msahihishaji wangu alinijua kwa tarakimu ya saba.

Kuhusu nyinyi wa Ghuba hasa. Mmarekani anayesoma kwenye vyuo hivi anatumia mkopo wa serikali yake. Ni mkopo na unaumiza, lakini una kanuni zake, na chuo kikimdanganya kuna mlango wa kuomba afutiwe deni. Ninyi mnalipa taslimu. Kiwanja kikishauzwa hakuna ofisi ya kukirudisha. Na kuna jipya: sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inabana mikopo ya shahada za juu. Kuanzia Julai 2026 wanafunzi wapya wa uzamili na udaktari wa kawaida hawapati zaidi ya dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, na ule mkopo mwingine uliokuwa ukiziba pengo lote umeondolewa. Mimi si mtabiri, lakini nimekulia karibu na soko. Mnunuzi wa nyumbani akiishiwa, muuzaji hutazama ng'ambo. Zitegemeeni simu zaidi.

Mambo mawili mengine nayataja upesi. Kila nchi ya Ghuba ina wizara yake inayoamua ni shahada gani ya nje inapewa muadala, na shahada ya mtandaoni inaangaliwa kwa jicho lake peke yake. Jibu hilo liombwe wizarani, kwa maandishi, kwa jina la chuo na jina la programu, kabla ya kulipa hata baisa moja. Ithibati ya Marekani haimlazimishi mtu wa Muscat. Na anayewaambia kwamba mtoto ajisajili mtandaoni kisha atapata viza, huyo anawadanganya. Viza ya mwanafunzi inataka darasa la kukaa, na mwenye viza hiyo huruhusiwa kuhesabu somo moja tu la mtandaoni kwa muhula.

Je, hakuna cha kununua sokoni humo? Kipo. Georgia Tech walifungua Januari 2014 shahada ya uzamili ya kompyuta mtandaoni kwa chini ya dola 7,000 kwa jumla, na shahada ni ileile ya wanaokaa darasani. Hapa Saint Paul kuna Metropolitan State, chuo cha serikali kilichofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya watu wazima wenye kazi, mwaka mmoja tu baada ya Walden, na watu wawili walioanza na wazo moja sasa wamefika mbali kila mmoja na njia yake. Wenye jamaa wanaoishi jimbo hili wawaambie pia kwamba tangu mwaka 2024 familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka mtoto wao hulipiwa ada ya shahada ya kwanza kwenye vyuo vya serikali. Nimekuta watu wetu Brooklyn Park wanakopa kulipia kitu ambacho jimbo linakitoa bure. Hata Capella wana mtindo wa kulipia kipindi cha wiki kumi na mbili, ukaweza kumaliza masomo mengi kadiri uwezavyo kwa bei ileile. Mtu mwenye nidhamu ya jeshi anaweza kufaidi. Binti yetu ana nidhamu, lakini ana na watoto wawili.

Kwa udaktari, maoni yangu ni makali zaidi, na atakayenikasirikia anikasirikie. Usiende kwenye udaktari wa mtandaoni wa chuo cha faida kama huna mtu anayekulipia, au kama kazi yako haikulazimishi kuwa na shahada hiyo. Nilimuuliza binti yetu, ukiipata utapandishwa cheo? Akanyamaza. Kisha akasema, "Wataniita Daktari, Ami." Sikucheka. Najua jina hilo lina uzito gani kwenye mwaliko wa harusi huko kwetu, na najua mwanamke ofisini anavyolihitaji jina ili asikilizwe pale ambapo mwanamume asiye nalo anasikilizwa. Haki yake. Lakini bei yake ni kiwanja cha baba, na kiwanja hicho kina ndugu zake watatu nyuma yake.

Basi hivi ndivyo tulivyofanya. Nilimpa maswali amwandikie yule mshauri kwa barua pepe, si kwa simu: walioanza programu hii miaka minane iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi wameipata shahada? Wastani ni miaka mingapi, na jumla ya ada ni kiasi gani mpaka mwisho, pamoja na mihula ya kungoja? Jina la msimamizi atakayemsoma ni nani, na akiondoka nani analipia muhula uliopotea?

Mshauri alipiga simu siku ileile. Binti yetu akamwambia anangoja barua. Alipiga tena kesho yake, na safari hii alikuwa na punguzo la ada litakalokwisha mwisho wa mwezi. Barua ikaja siku ya tisa, ndefu, ina picha za watu waliovaa majoho, ina maneno ya wahitimu waliofurahi. Tarakimu hamna hata moja.

Wizara nayo ameiandikia, anangoja. Wakati huohuo nimemwonyesha ukurasa wa programu ya uzamili ya chuo kimoja cha hukohuko, ya jioni, mara mbili kwa wiki, nusu darasani nusu kwenye kompyuta. Hajasema ndiyo. Amesema mama mkwe atamkalia watoto siku ya Jumatatu, Jumatano bado hajui.

Kaka yangu amenipigia jana. Mnunuzi wa kiwanja amepandisha bei. Nikamwambia hati iache kabatini mpaka barua ya wizara ifike, akaniambia mimi siku zote mwoga. Huenda. Binti yangu alikuwa jikoni anasikia, akaichukua simu mkononi mwangu, akaingia nayo chumbani kwake na kufunga mlango. Wamezungumza nusu saa. Sikumuuliza amemwambia nini ami yake.